Madumu Mawili na Nusu

Madumu mawili na nusu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kila mkazi wa Cape Town kuanzia tarehe 1 Februari 2018: lita 50 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga, kufua na chooni. Piga hesabu. Choo cha kuvuta kikimeza lita 9, kukivuta mara tatu tu ni lita 27. Zaidi ya dumu zima limeishia kwenye majitaka. Ndiyo maana watu walioga wamesimama ndani ya beseni, kisha maji yaleyale yenye povu wakayamwaga chooni.

Mvua za majira ya baridi zilikuwa haba miaka mitatu mfululizo, 2015 hadi 2017. Theewaterskloof, bwawa kubwa kuliko yote yanayolilisha jiji, likageuka uwanja wa mchanga. Jiji likatangaza kwamba akiba ya mabwawa ikishuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya mitaa mingi yatafungwa, na watu watapanga foleni kwenye vituo vipatavyo 200 kuchota lita 25 kila mmoja. Siku hiyo ikaitwa Siku Sifuri.

Hofu iliwashtua watu, lakini kuwashirikisha ni jambo jingine. Mwishoni mwa 2017 manispaa ilipendekeza tozo ya ukame kulingana na thamani ya nyumba. Maoni ya kupinga yakamiminika kwa makumi ya maelfu, na Januari pendekezo likaondolewa. Naona wananchi walikuwa na haki: aliyejinyima angelipa tozo ileile hata kama jirani yake anamwagilia bustani.

Kilichowagusa zaidi ni takwimu kuwekwa hadharani. Kiwango cha mabwawa na matumizi ya jiji vikawa vinatangazwa kila wiki. Januari 2018 ikatolewa ramani ya nyumba, na zile zilizotumia maji kidogo zikawekewa nukta za kijani. Wako waliolalamika kwamba faragha yao imeingiliwa. Lakini mtu akiona mtaa mzima umejaa kijani na kwake pako wazi, hahitaji kuhubiriwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuwa wameshapima nguvu ya jambo hili kwa ujumbe ulioambatanishwa na bili za nyumba zipatazo 400,000. Upungufu wa matumizi ulikuwa mdogo, karibu asilimia 1, ila ahadi ya kutambuliwa hadharani ilikuwa kati ya jumbe zilizofanya vizuri zaidi.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ilitangulia ukame. Saa nane usiku watu wamelala, na mita ya bomba kuu ingepaswa karibu isimame. Maji yanayopita saa hiyo, kwa sehemu kubwa, ni yanayovuja. Kwa hiyo mafundi huupima uvujaji usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kitongoji cha Khayelitsha kilikuwa kikipitisha usiku maji ya kujaza bwawa la kuogelea la Olimpiki kila baada ya saa mbili hivi. Tatizo kubwa lilikuwa ndani ya nyumba: msukumo mkali ulikuwa umezila koki na matangi ya vyoo. Tundu lilelile humwaga maji mengi zaidi kadiri msukumo unavyopanda. Zikawekwa valvu za kuupunguza, hasa usiku, na zikaokolewa mita za ujazo zipatazo milioni 9 kwa mwaka. Wakati wa ukame, jiji likaitumia mbinu hiyo kwenye mitaa mingi.

Februari 2018 wakulima wa bonde la Elgin wakalifungulia jiji lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao wenyewe. Matumizi ya jiji, yaliyozidi lita bilioni 1 kwa siku mwaka 2015, yakashuka hadi karibu milioni 500. Siku Sifuri ikasogezwa mbele mara kadhaa, kisha ikafutwa, na mvua zikarudi.

Makazi duni ya Cape Town, ambako familia nyingi huchangia bomba moja, yalitumia chini ya asilimia 5 ya maji yote ya jiji. Huko mama alipanga foleni na ndoo yake miaka mingi kabla ya 2018, na Siku Sifuri ilipofutwa akaendelea kuipanga.