Masika Uluguru: uliza mvua ya upande gani

MOROGORO – Mfanyabiashara anayenunua mazao ya Uluguru wakati wa masika asitosheke kusikia kwamba “Morogoro mvua inanyesha”. Milima hiyo ina pande mbili, na kila upande una hesabu yake.

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huanzia miteremko ya mashariki, Kinole na Matombo, kwenye ndizi, nanasi na viungo. Huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini Morogoro kwa kawaida haifiki 1,000.

Mgeta, upande wa magharibi, hupata mvua chache kuliko mashariki. Ndiko zitokako kabichi, karoti na njegere za Dar es Salaam. Tatizo la masika huko ni barabara ya mlimani kuliko shamba. Lori likikwama, bei hupanda mjini huku ikishuka shambani, maana mboga haisubiri.

Kilele cha masika ni Aprili. Kabla ya kutoa arbuni, msikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha muulize dereva aliyeshuka mlimani jana. Mzigo ulionunuliwa rahisi lakini usioteremka ni hasara.