Asiyeulizwa hesabu

Katika mikutano ya mashirika hapa Uvira tunasikia sana neno la Kifaransa «redevabilité». Waingereza nao wanalo «unaccountable»: ni yule asiyetoa hesabu kwa mtu yeyote.

Tuangalie vizuri, neno hili halipimi moyo wa mtu. Mwenye kushika orodha ya kugawa mahema anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini kama mama ambaye jina lake halikuandikwa hana mahali pa kuuliza, basi neno linamhusu. Kuulizwa si kuitwa mwizi, ingawa viongozi wengine wanakasirika haraka!

Kwa wenye bunduki mambo ni mazito zaidi. Tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Burundi, wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo waliuawa kambini, wengi wao Banyamulenge. Kundi la FNL lilisema ni lenyewe lililoshambulia. Miaka zaidi ya 20 imepita na hakuna aliyehukumiwa.

Fizi ilikuwa vingine. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa serikali waliwabaka wanawake wa mji huo. Mahakama ya kijeshi ilisafiri mpaka Baraka, kando ya ziwa, na wanawake wakasema mbele ya majaji. Tarehe 21 Februari, hata miezi miwili haijatimia, mkubwa wao, luteni-kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa miaka 20 gerezani. Alikana, lakini alilazimika kusimama na kujibu.