Ukanda Mmoja, Lugha Mbili

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu kazi niliyoidhania kuwa nyepesi. Niliandika ubaoni lile neno la Kiingereza ambalo wapangaji wa serikali hulitumia kwa eneo refu linalokusudiwa kuwa na barabara, reli, bomba la mafuta na viwanda, nikawataka wanipe la Kiswahili. Kijana aliyezaliwa mtaa wa Jerusalem, huku kwetu Eastlands, alijibu bila kusita: "Korido." Wa pili alipendekeza "ushoroba", neno ambalo Watanzania hulitumia kwa mapito ya wanyamapori. Wengi waliridhika na "ukanda". Ndipo binti mmoja wa kutoka Lamu alipouliza, "Mwalimu, na Mkanda wetu je?"

Mkanda ni mlango mwembamba wa bahari uliopo kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko kandokando. Vyombo vitokavyo Amu kwenda Pate hupitia humo. Kabla mlango huo haujachimbwa, maji yakitoka, nahodha hakuwa na budi kungoja. Si mbali na hapo, katika Ghuba ya Manda, ndiko ilikojengwa bandari mpya. Kwa hivyo wenyeji walikuwa na ukanda wao, wenye jina na kanuni zake, kabla serikali haijaja na wake.

Ukanda wa serikali ni LAPSSET, jina lililoundwa kwa herufi za maneno ya Kiingereza ambayo hata walimu wenzangu wachache huweza kuyataja yote. Ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, akiwa pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini. Magati 32 yalipangwa, na la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kutoka baharini njia inapita Garissa hadi Isiolo. Huko inagawanyika, moja ikielekea Moyale na nyingine Turkana hadi mpaka wa Sudan Kusini. Katika mipango hiyo kuna ukanda wa miundombinu wenye upana wa mita 500, na nje yake eneo la uchumi la kilomita 50 kila upande. Mwalimu wa Jiografia na awape wanafunzi wake rula na ramani. Kilomita 100 za upana katika nchi ya wafugaji ni visima, malisho ya kiangazi na njia za ngamia.

Siupingi mradi. Aliyewahi kusafiri kutoka Isiolo hadi Moyale juu ya lori, kabla ya lami, hawezi kuibeza barabara. Ninalolalamikia ni kwamba mambo makubwa kiasi hiki huandikwa katika lugha ambayo wanaoguswa nayo hawaisomi, kisha wakaulizwa maoni yao.

Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinataka tangazo la mradi litolewe redioni katika lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano ya hadhara ifanywe. Lakini tangazo ni jambo moja na ripoti ni jingine. Tangazo humwambia mvuvi kwamba kuna mkutano. Ripoti ndiyo inayosema bahari itachimbwa wapi na tope litamwagwa wapi. Mvuvi huitwa kwa Kiswahili, akifika hupewa kitabu cha Kiingereza.

Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki yao ya kupata habari ilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ni wavuvi wa Amu hao, kwenye chimbuko la tenzi ambazo wanafunzi wetu huzihangaikia katika mitihani! Ikiwa kuna Wakenya ambao serikali haikuwa na udhuru wa kutowaandikia Kiswahili, ni hao.

Sisi wa Eastlands tungepaswa kulielewa jambo hili upesi, maana tumezaliwa na ukanda mwingine. Reli kutoka Mombasa ilifika mahali hapa mwaka 1899, na hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Walioletwa kuitumikia waliachiwa kubuni majina: Landi Mawe ni landi, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli, yaliyojengwa kwa mawe, Makongeni ni penye makonge. Wajukuu wao wakabuni Sheng, ambayo baadhi ya wenzangu bado wanaikemea kana kwamba watoto ndio waliokosa kushauriana na mtu.

Muhula huu nimewagawia wanafunzi kurasa tatu tatu za ripoti moja ya mazingira wazitafsiri. Kundi la kwanza limekwama kwenye neno la kupunguza madhara: je, madhara "yatazuiwa", "yatapunguzwa" au "yatafidiwa"? Kiingereza chenyewe kimeliacha wazi. Binti wa Lamu anasema atampigia babake simu, aliye mvuvi, amuulize angependa aahidiwe lipi.