KUVITEMBELEA VYUO VIKUU VYA MBALI

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yakisha kutoka, wanafunzi na wazazi wao huja kuniuliza swali moja: "Mwalimu, chuo kikuu kipi ni bora?" Mimi ni mwalimu hapa Awindiri, na kazi niliyokabidhiwa, mbali na kufundisha, ni kuwashauri vijana juu ya masomo yao ya mbele. Swali hilo silijibu upesi. Kwanza nauliza mimi: bora kwa nani, kwa somo gani, na kwa fedha za nani?

Ili niweze kuwasaidia kujibu, wakati wa likizo hufunga safari kwenda kuviona vyuo. Wako wanaostaajabu kwa nini mwalimu apande basi usiku kucha, avuke Nile pale Pakwach na tena pale Karuma, kama kilomita 500 mpaka Kampala, na hali habari zote zimeandikwa katika vitabu vya vyuo vyenyewe. Nataka kueleza sababu, na kuonyesha mambo ambayo kila mwanafunzi yampasa kuyachunguza kabla ya kuandika jina la chuo katika fomu yake.

Wazee wetu waliosoma zamani hawakuwa na taabu hii. Tangu mwaka 1963 mpaka 1970 Uganda, Kenya na Tanganyika, baadaye Tanzania, zilikuwa na chuo kikuu kimoja, yaani Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Masomo makubwa yaligawanywa. Aliyetaka udaktari wa watu alikwenda Makerere. Aliyetaka uinjinia au udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, ambako masomo hayo yalianza mwaka 1961. Basi kijana wa West Nile akisha kuchagua somo, mji alikuwa amekwisha chaguliwa. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, na huko ndiko walikopandia gari moshi wengi waliokwenda mbali.

Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanyika, kila nchi ikabaki na chake. Hapa Uganda Makerere kilikuwa peke yake kwa miaka mingi. Kisha vikaja vingine: Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale mwaka 1988, Mbarara mwaka 1989, Nkozi 1993, Mukono 1997, Gulu 2002, Kyambogo 2003, Busitema 2007. Sisi wenyewe tulipata Chuo Kikuu cha Muni, hapa hapa Arua, mwaka 2013. Siku hizi somo moja, kama vile uuguzi au ualimu, lafundishwa katika vyuo vingi. Hiyo ni neema kubwa, lakini mzigo wa kuchagua umehamia kichwani mwa kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, ambaye pengine hajapata kuvuka Pakwach.

Sasa nitaeleza mambo matano ambayo safari zangu zimenionyesha.

Jambo la kwanza ni kujua somo lenyewe linafundishwa wapi. Jina la chuo si anwani ya darasa. Chukua mfano wa Busitema. Makao yake makuu yako Busitema, upande wa mashariki, na huko ndiko wanakosoma mainjinia. Lakini wanaosoma udaktari wa watu wako Mbale, wanaosoma kilimo na mifugo wako Arapai karibu na Soroti, na walimu wa sayansi wako Nagongera katika Tororo. Wanafunzi wawili wa hapa kwetu waweza kuandikiwa chuo kile kile, wakaagana Arua wakidhani watakaa chumba kimoja, kumbe kila mmoja atashuka mji wake. Mbarara nako, kitivo cha sayansi za vitendo kiko Kihumuro, nje ya mji, wala si pale penye hospitali. Mzazi anayepanga nauli na chumba hana budi kujua haya mapema.

Jambo la pili ni mahali pa kujifunzia kazi kwa mikono. Anayesomea udaktari au uuguzi hujifunza nusu ya kazi yake kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo naitazama hospitali kabla ya kuyatazama madarasa. Makerere iko jirani na Mulago. Gulu ina hospitali ya rufaa ya serikali na iko karibu na hospitali ya Lacor. Hapa Arua iko hospitali yetu ya rufaa. Anayesomea uinjinia yafaa aulize karakana ina mashine ngapi zinazofanya kazi, na wanafunzi wangapi huzunguka mashine moja. Katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nilionyeshwa maabara nzuri yenye vyombo vipya. Nikamwuliza kijana mmoja wa mwaka wa tatu amevitumia mara ngapi. Akacheka, akasema yeye pia leo ndiyo mara ya kwanza kuingia. Habari kama hiyo huwezi kuisoma katika kitabu chochote cha chuo.

Jambo la tatu ni fedha, na hapo ndipo vijana wetu wengi hujikwaa. Watu husoma ada ya masomo, wakaijumlisha, wakafurahi kwamba ng'ombe na muhogo vitatosha. Lakini ada ya masomo ni sehemu tu. Kuna ada nyingine za chuo, chumba, chakula, nauli mara kadhaa kwa mwaka, vitabu, na vifaa vya somo lenyewe. Kampala chumba cha mwanafunzi ni ghali kuliko cha Gulu au cha hapa Muni, na kadiri kinavyokaribia lango la chuo ndivyo bei inavyopanda.

Juu ya mikopo ya serikali, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, lazima niseme wazi kwa sababu wengi hawaelewi. Mkopo huo hulipa ada ya masomo, ada nyingine za chuo na gharama za utafiti. Walemavu husaidiwa pia vifaa vyao. Haulipi kitanda wala chakula. Tena hautolewi kwa kila somo wala kwa kila chuo, bali kwa yale yaliyomo katika orodha ya Bodi ya Mikopo. Namfahamu kijana mmoja wa upande wa Koboko aliyepata mkopo na akawa na akili nyingi darasani, lakini akarudi nyumbani katika muhula wa pili kwa sababu ya chakula. Hakushindwa na masomo. Alishindwa na jioni. Tangu hapo, kila ninapofika chuoni nauliza sahani ya chakula mtaani ni kiasi gani, nazidisha kwa siku za muhula, na hesabu hiyo naibandika ukutani shuleni ili kila mtu aione.

Jambo la nne ni idhini. Kila chuo kikuu na kila somo linalotolewa nchini hapa hukaguliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Idhini ya somo ina muda wake, na muda ukipita lazima somo likaguliwe upya. Mwaka 2023 palizuka maneno mengi nchini kote ilipoonekana kwamba masomo mengi, hata ya vyuo vikubwa, yalikuwa yamepitwa na muda huo. Msione haya kuuliza. Muulizeni mwandikishaji wa chuo: somo hili lilikaguliwa lini mara ya mwisho? Mtu mwenye jibu jema hatakasirika. Na kwa anayekusudia kuvuka mpaka, kwenda Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko, aulize kwanza kama shahada ile itatambuliwa atakaporudi nyumbani.

Jambo la tano ni hesabu ya alama. Wengi hudhani kwamba alama zikiwa nzuri ni nzuri kwa kila somo. Sivyo. Kwa utaratibu uliotumika miaka mingi katika vyuo vya serikali, A ni pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2 na O 1. Kisha kila somo hupewa uzito: masomo ya lazima huzidishwa kwa 3, lile linalohusiana huzidishwa kwa 2. Tumchukue mwanafunzi mwenye Fizikia A, Hesabu B, na Kemia D. Akiomba kozi ambayo masomo yake ya lazima ni Hesabu na Fizikia, atapata 15 na 18, na Kemia itampa 6, jumla 39. Akiomba kozi ambayo masomo ya lazima ni Kemia na Hesabu, atapata 9 na 15, na Fizikia itampa 12, jumla 36. Mtu ni yule yule na mtihani ni ule ule, lakini amepoteza pointi 3, na wako wanaoachwa nje kwa sehemu ya pointi moja. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, chukua kalamu upige hesabu ya kila kozi unayoitamani, kwa utaratibu wa mwaka ule ule unaoombea.

Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2005 sehemu ya nafasi za serikali imegawanywa kwa wilaya, ili watoto wa sehemu za mbali wasiachwe nyuma. Koboko ilipotengwa na Arua mwaka huo huo, ikawa wilaya yenye fungu lake. Kijana asiyejua habari hii huenda akadhani mlango umefungwa, kumbe kuna mlango wa pili.

Sasa niseme kidogo jinsi ninavyotembelea. Siku ya kwanza naenda ofisini, natoa barua ya shule, nasikiliza yote ninayoambiwa. Siku ya pili siendi ofisini kabisa. Nakaa mahali wanafunzi wanapokula, nawatafuta wa kwetu. Nikisikia Kilugbara, Kikakwa au Kialur, hapo nimefika. Nawauliza wale wa mwaka wa pili, kwa maana wa mwaka wa kwanza bado ana ugeni, na wa mwaka wa mwisho amekwisha zoea taabu hata haioni. Nauliza: mwalimu asipokuja darasani, mnafanya nini? Ukiugua usiku, nani anakupeleka hospitali? Umeme ukikatika kabla ya mtihani, mnasoma wapi? Na swali la mwisho: kama mdogo wako angetaka kuja hapa, ungemwambia nini? Mara nyingi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu swali hilo, nami husubiri.

Wazazi wengine huniambia: kwa nini uwapeleke watoto mbali, na Muni iko mlangoni? Wana haki kuuliza. Anayetaka uuguzi, kompyuta au ualimu wa sayansi, naye nyumbani hakuna fedha za chumba, Muni yaweza kumfaa kuliko mji wowote. Atalala kwao na kula kwao, na fedha ya nauli itanunua vitabu. Lakini asiyelipata somo lake hapa asizuiwe kwa hofu ya safari. Wazee wetu walikwenda Nairobi na Dar es Salaam wasimjue mtu huko, wakarudi na shahada. Kwenda mbali si sifa, na kubaki karibu si aibu. Ninachotaka ni kwamba anayekwenda ajue aendako, na anayebaki ajue kwa nini amebaki.

Lakini mwalimu mmoja hawezi kuvifikia vyuo vyote, na anachokiona ni cha siku mbili tatu tu. Hapa nawageukia ninyi wanafunzi wetu wa zamani mnaosoma gazeti hili. Wengi wenu mko vyuoni sasa hivi, na wengine mnafanya kazi katika miji hiyo. Nawaombeni, kila mmoja aandike karatasi moja aipeleke shuleni. Aandike somo lake linafundishwa wapi, chumba ni bei gani, chakula ni bei gani, na jambo moja ambalo angependa kulijua kabla hajaondoka nyumbani. Msitupambie habari. Karatasi hizo tutaziweka katika jalada moja kwenye maktaba, ambapo kila mwanafunzi wa Kidato cha Sita ataweza kuzisoma mwenyewe.

Na ninyi mlioko darasani, msingoje matokeo. Fomu hujazwa kwa siku chache, lakini kuchunguza chuo kwataka miezi. Anayependa kuanza leo aje na kalamu yake, alama zake za mtihani wa majaribio, na jina la kozi moja anayoitamani. Tutaanza na hesabu.