Sura ya 6: Kuijua Nchi Unayoihudumia

Kijana wa Mombasa au Unguja anayepata kazi ya mapokezi katika hoteli ya Maskati hufundishwa mengi mwanzoni: bei za vyumba, kompyuta ya kuandikisha wageni, namna ya kumkaribisha mtu kwa kahawa na tende. Nchi ya Omani yenyewe hafundishwi. Basi la kampuni humchukua kwenye makazi ya wafanyakazi, humshusha mlango wa nyuma wa hoteli, na zamu ikiisha humrudisha. Mkataba waweza kwisha naye haijui nchi ila kwa picha za ukutani. Ndiyo maana sura hii nimeitenga kwa ajili ya siku yake ya ofu. Siku hiyo, ikitumiwa vizuri, humjenga mfanyakazi wa utalii ughaibuni kuliko vyeti vingi.

Mgeni anayesimama mbele yako haulizi yaliyoandikwa kwenye kipeperushi, hayo ameshayasoma. Anataka kujua kama mama yake mzee ataliweza bonde la Wadi Shab. Bonde hilo liko Tiwi, kiasi cha kilomita 140 kutoka Maskati kwa barabara ya pwani iendayo Sur. Unavushwa kwa mashua, mwendo mfupi tu, kisha unatembea kama dakika 45 katikati ya kuta za miamba, mara kwenye kokoto, mara kwenye ukingo mwembamba wa jabali, hadi ufikie madimbwi ya maji ya kijani. Kutoka hapo hakuna njia ya miguu, ni kuogelea. Mwisho kabisa kuna ufa katika mwamba, mwembamba kiasi kwamba unapita kichwa kikiwa juu ya maji na mabega yakigusa jiwe, na ndani yake mna pango lenye maporomoko.

Aliyepita hapo anajua la kumwambia mgeni. Avae viatu visivyoharibika kwa maji. Simu aitie kwenye mfuko usiopenya maji. Mama mzee abaki kwenye kivuli karibu na mashua, asidanganywe kwamba safari ni fupi. Na mawingu yakitanda milimani, mtu asiingie kabisa, kwa sababu mvua inayonyesha mbali huleta mafuriko bondeni hata kama hapo uliposimama jua linawaka. Watu wamefia katika mabonde ya Omani kwa kulidharau jambo hili, kwa hiyo mhudumu anayelijua ana wajibu wa kulisema.

Kwa mfanyakazi asiye na gari, mahali pa kuanzia siku yake ya ofu ni mji wa Nizwa, ambako mabasi ya kampuni ya Mwasalat hufika. Afanye bidii apate Ijumaa asubuhi, siku ya mnada wa mbuzi: wauzaji huwazungusha wanyama kwenye duara, wanunuzi wamejipanga kando, huyu akimshika mbuzi mdomo aone meno, yule akitaja bei kwa sauti. Hatua chache kutoka mnadani ipo ngome iliyojengwa na Imamu Sultan bin Saif al-Ya'rubi katika karne ya 17. Mtu wa Mombasa ana haki ya kutulia hapa. Imamu huyu ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698.

Ndani ya ngome, kitazame chumba cha tende. Sakafu yake ina mifereji. Magunia ya tende yalipangwa juu kwa juu, uzito wake ukazikamua, asali ikatiririka kwenye mifereji hadi mtungini. Ilikuwa chakula, na vita vikija ilikuwa silaha: ilichemshwa na kumwagwa kupitia matundu yaliyo juu ya milango, ikamganda adui mwilini. Mweleze mgeni hili kabla hajaondoka hotelini na ataingia ngomeni akilitafuta tundu.

Kiswahili nacho ni mtaji. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Omani zilihamia huko kutoka Zanzibar, bara na nchi za Maziwa Makuu, zikaja na lugha. Maskati au Ibra si ajabu kumwamkia bibi wa Kiomani shikamoo, ukaitikiwa marahaba na kuulizwa kwenu wapi. Maswali yako kuhusu mji huo yatapata majibu ambayo hakuna kitabu chenye nayo. Maarifa hayo yatumie kaunta, kwa ushauri. Kuwaongoza watalii kwa malipo ni kazi ya mwenye leseni, na mgeni wa nchi asicheze na kibali chake cha kazi.

Mbali na siku ya ofu kuna likizo, ambayo kwa kawaida haipatikani Oktoba hadi Aprili, hoteli zikiwa zimejaa. Hupewa kiangazi, Maskati ikipita nyuzi 40. Wengi hujifungia na kiyoyozi. Lakini Jebel Akhdar, kwenye uwanda wa Saiq ulio mita 2,000 hivi juu ya bahari, usiku hewa hupoa. Na Salalah, kilomita 1,000 kusini, msimu wa kharifu, Juni hadi Septemba, milima ni kijani, manyunyu hayakatiki, na kando ya barabara wanauza madafu na ndizi.