HEROE NA MAJI MATAMU

Mtu wa Pwani apandapo Nyeri hustaajabia maji. Kila bonde lina mto, na kila mto ni baridi. Maji hayo ya Mlima Kenya na Nyandarua huingia mto Sagana, Sagana ukawa Tana, na Tana ukaja kumwaga baharini kwetu Kipini. Lakini katika mito hiyo hutawaona makundi ya heroe, yule ndege wa waridi mwenye miguu na shingo ndefu. Riziki yake iko ng'ambo ya pili ya milima.

Ukitoka Nyeri kwa njia ya Mweiga hadi Nyahururu, kisha ukateremka kwenda Nakuru, umeingia Bonde la Ufa. Maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria hayana mto wa kuyatoa maji. Maji huingia, jua likayanywa, yakabaki magadi, jamaa ya yale tulainishiayo maharage. Maji hayo makali huwashinda samaki wengi, lakini huotesha mwani mdogo mno ambao ndio chakula cha heroe mdogo. Ndege huinamisha kichwa, mdomo ukawa juu chini, akayavuta maji kwa ulimi na kuyachuja. Wekundu wa manyoya yake hutokana na chakula hicho hicho.

Kuzaa ni jambo jingine. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo nchini Kenya, aliyatambua mazalio yao katika ziwa Natron, Tanzania. Alipojaribu kuyafikia kwa miguu, tope la magadi lilimuunguza vibaya hata akalazwa hospitali. Tope hilo limuunguzalo mtu ndilo linalomlinda kinda na maadui. Kila jozi hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha tope, na wataalamu hukadiria kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa huko.

Nakuru ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 2011 maziwa yote matatu yakaingizwa katika Urithi wa Dunia. Lakini uzio hauzuii maji. Tangu mwaka 2010 hivi mvua zimeyajaza maziwa ya Bonde, na misitu iliyokatwa Mau haizuii tena maji na udongo kuteremka. Nakuru ilifurika hata lango kuu la hifadhi likahamishwa. Ladha ya magadi ilipopungua, mwani ukapungua, na heroe kwa maelfu wakahamia Bogoria na kwingineko. Kwa viumbe wengi maji matamu ni neema. Kwake yeye ni njaa.

Hapo ndipo inapoonekana hekima ya kuyatunza maziwa yote pamoja. Heroe huruka usiku kutoka ziwa hadi ziwa akifuata chakula, na mlango mmoja ukifungwa hutafuta mwingine. Natron haina badala. Mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi huko ulipingwa vikali, na kampuni iliyohusika ikajitoa mwaka 2008. Kiwanda huweza kujengwa pengine, mazalio hayahamishiki.

Nasi wa Pwani hatuko mbali na habari hii. Heroe huonekana pia katika mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, na kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni. Wanapotua kwetu, tusiwafukuze kwa mawe wala kuwaona kama pambo la watalii. Ni wageni watafutao riziki, na nyumba zao za bara zimeingia maji.