Kabla hujalipia leza ya uso, uliza anayeshika mashine ni nani

"Tukufanyie skrabu, bro?"

Unalijua hilo swali. Kinyozi amemaliza, kiti ni laini, nje jua linawaka, na wewe hauna haraka. Unakubali. Dada anakusugua uso, anakufunika taulo la moto na kukuambia mvuke unafungua vinyweleo. Halafu anakupaka kitu baridi cha "kuvifunga", anakugeuzia kioo na unatoa pesa.

Mimi kioo hicho ndicho kilichoniharibia siku. Chini ya ile taa nyeupe, katika kinyozi kimoja karibu na Gusii Road, niliona pua na mashavu yangu jinsi yalivyo: vitundu vitupu, kama ganda la chungwa. Nilitoka hapo nikaingia kwenye simu, na kama umewahi kutafuta kitu kama hicho hata mara moja tu, unajua kilichofuata. Kwa wiki mbili TikTok haikunionyesha kitu kingine. Leza, vijisindano, asidi, mashine ya kufyonza. Kila video ina uso wa kabla na uso wa baada, na uso wa baada kila mara umepigwa picha karibu na dirisha.

Nilikuwa na shilingi 20,000 mkononi, malipo ya kazi niliyoifanya kwa miezi miwili. Mahali pa kwanza nilipoingia, mjini hapa Nakuru, waliniuzia vikao sita vya leza. Ukilipa vyote leo, bei inashuka. Hakuna aliyenigusa uso. Dada wa mapokezi alinitazama kutoka upande wa pili wa meza na kusema, "Yako hiyo ni ya leza." Nilikuwa nishafungua M-Pesa.

Kilichoniokoa si akili, usidhani. Ni binamu yangu wa Njoro, niliyempigia simu nikitaka aniongezee kidogo. Mwaka juzi, siku tisa kabla ya ruracio yake, alienda kuchubuliwa uso kwa asidi na mtu ambaye mpaka leo hajui alisomea nini. Siku ya ruracio alikaa mbele ya wazee wa pande mbili akiwa na mabaka mawili meusi mashavuni, na poda ilikataa kuyaficha. Moja bado lipo. Hakunipa pesa. Aliniuliza tu, "Na huyo anayeshika mashine ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nikarudisha simu mfukoni.

Sasa, kabla hujatoa zako, wacha nikupe nilichojifunza. Tuanze na mvuke, maana hapo ndipo tunapodanganywa wengi. Kinyweleo ni mdomo wa kijifuko ambamo unywele unaota, na ndani yake mna tezi inayotoa mafuta. Hakina msuli wa kukifungua wala wa kukifunga. Si mlango. Mvuke unalainisha mafuta yaliyokwama, basi. Kinachokipanua ni mafuta mengi, ngozi inayokizunguka kulegea kwa umri na jua, na unene wa unywele wenyewe. Urithi nao upo. Mtazame mzee wako puani kabla hujalaumu sabuni. Sisi wanaume homoni zetu huchochea hizo tezi zaidi. Chunusi za zamani nazo huacha matundu yao.

Na vile vidoti vya kijivu puani, unavyovikamua kila Jumapili mbele ya kioo cha bafuni? Si uchafu. Ni mafuta na seli zilizokufa, na hata ukivitoa vyote leo vitajijaza tena baada ya wiki chache. Ukivikamua kwa kucha unajitafutia alama tu.

Kwa hivyo mtu akikuahidi "kufunga vinyweleo kabisa", jua anauza. Matibabu mazuri huvifanya vionekane vidogo kwa kupunguza mafuta na kuikaza ngozi, na hilo huchukua miezi.

Hapa ndipo rangi yetu inapoingia, na hapa tafadhali usiruke. Leza ni mwanga unaogeuka joto ukifika kwenye ngozi. Melanini, ile inayotupa weusi wetu, hunyonya mwanga huo. Kwa mtu mweupe joto linapita na kufika ndani linakotakiwa. Kwako wewe sehemu kubwa inaweza kuishia juu, na ngozi nyeusi ikiungua au hata ikikasirika kidogo tu, hujibu kwa kutoa weusi zaidi. Ndiyo maana chunusi ya wiki moja inakuachia doa la miezi mitano. Unaweza kwenda kupunguza vitundu ambavyo hakuna mtu aliyeviona, ukarudi na doa ambalo kila mtu kwenye matatu analiona.

Kuna kipimo ambacho madaktari wa ngozi hutumia, cha Thomas Fitzpatrick wa Marekani, cha mwaka 1975. Kinagawanya ngozi kulingana na inavyoitikia jua. Mwanzoni kilitengenezewa Wazungu. Aina ya 5 na ya 6, ambako wengi wetu tunaangukia, ziliongezwa baadaye. Ukiwa kliniki uliza, "Mimi ni aina gani, na mashine hii inatumika kwa aina hiyo?" Anayejua kazi yake hatashtuka. Atakuambia, kwa mfano, kwamba mashine ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064 ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi kwa sababu melanini haiyanyonyi sana mawimbi marefu. Atakuambia pia kwamba mwanga mpana wa IPL na leza ya kaboni dioksidi, ile inayokwangua ngozi ya juu, zina hatari kubwa zaidi kwetu. Na atataka kujaribu sehemu ndogo kwanza, pengine chini ya taya, kisha akuambie urudi baada ya wiki kadhaa. Kliniki inayotaka kukuwasha uso mzima siku ile ile uliyoingia ina haraka ya nini?

Vijisindano ni hadithi nyingine. Kifaa chenye sindano ndogo ndogo kinatoboa ngozi ili ijitengenezee kolajeni mpya na kukaza. Kwa kuwa hakuna mwanga wala joto, hatari ya madoa kwa ngozi nyeusi ni ndogo kuliko leza nyingi, ingawa haijaisha, na kama una historia ya keloidi sema mapema. Kuna zingine zinazoongeza joto la mawimbi ya redio. Hizo zinahitaji mkono wenye uzoefu zaidi. Hesabu vikao vitatu mpaka sita, vikipishana kama mwezi hivi.

Lakini sindano ni sindano. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha ripoti kuhusu spa moja huko New Mexico, iliyofungwa mwaka 2018, ambako wanawake kadhaa waliambukizwa HIV baada ya kutobolewa uso kwa vijisindano na kupakwa damu yao wenyewe. Kichwa cha sindano kinapaswa kufunguliwa kutoka pakiti mbele ya macho yako, kutumiwa kwako tu, kisha kutupwa. Usione haya kusema, "Naomba nione ukifungua." Kwa daktari wa meno ungesema.

Kuchubua kwa asidi kuna jina baya kwa sababu tunakuchanganya na kujichubua kwa krimu, na pia kwa sababu ya watu kama yule wa binamu yangu. Kwa mikono sahihi ni kitu cha maana, na bei yake ni nafuu kuliko mashine. Asidi ya salisiliki ya asilimia 20 mpaka 30 huingia kwenye mafuta, kwa hivyo hufika mpaka ndani ya kinyweleo, na kwa ngozi nyeusi imekuwa na sifa nzuri. Inayopenya kina kirefu ndiyo ya kuogopa. Na usifanye siku tisa kabla ya sherehe yoyote.

Ile mashine ya kufyonza na kumwagia maji usoni? Inasafisha. Unang'aa kwa siku chache. Kama una harusi Jumamosi na pesa hazikuumizi, nenda.

Sasa turudi kwa swali la binamu yangu, maana mashine ile ile nzuri ikishikwa na mtu asiyejua itakuchoma. Kenya madaktari na kliniki husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na leseni huhuishwa kila mwaka. Kwenye tovuti yao unaandika jina la daktari na unaona kama yumo. Dakika mbili, bando kidogo tu. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, na usiwadharau: huko Moshi, Tanzania, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ndani ya hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992, kinachowafundisha maafisa wa kliniki kutoka nchi nyingi za Afrika. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wao wako Nairobi, kwa hivyo huku kwetu huenda atakayekuona ni mtu wa aina hiyo. Cheti cha urembo kilichowekwa fremu ukutani ni kitu kingine. Kinafaa kwa kucha na nyusi.

Mahali pa pili nilipoenda niliuliza jina la daktari. Wakaniambia "daktari huja Alhamisi". Nikarudi Alhamisi. Wakaniambia amepata dharura.

Mahali pa tatu palikuwa kliniki ya ngozi ya hospitali moja mjini, benchi la mbao, foleni, mama mwenye mtoto wa upele mbele yangu. Nilikaa saa mbili unusu nikijiuliza kama mwanamume mzima anapaswa kupanga foleni na wagonjwa kwa sababu ya pua. Daktari aliniwashia taa usoni, akanigusa, akanyoosha shavu kwa vidole viwili. Swali lake la kwanza halikuhusu vitundu hata kidogo. "Unajipaka nini?"

Nikamtajia. Sabuni ya kipande, skrabu mara tatu kwa wiki, spiriti baada ya kunyoa, na krimu moja ya tyubu niliyouziwa dukani kwa ajili ya chunusi. Akaomba kuiona. Nilikuwa na picha kwenye simu. Ndani mlikuwa na clobetasol, steroidi kali, ambayo ukiipaka usoni miezi na miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba na inaweza kuleta chunusi mpya. Nilikuwa nimeipaka mwaka mzima. "Leza juu ya ngozi hii?" akasema, kisha hakuongeza neno.

Kwa hivyo kagua na wewe. Soma maandishi madogo ya kila tyubu, hasa ile uliyopewa bila cheti cha daktari. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini marufuku haimfuati kila mchuuzi mpaka kibandani kwake. Na popote utakapoenda, sema kila unachopaka na kila unachomeza. Kama unatumia vidonge vya isotretinoini vya chunusi, hilo lazima lijulikane kabla ya asidi au leza yoyote. Na dada yangu, kama una mimba au unapanga, usikaribie vidonge hivyo, na retinoidi za kupaka nazo ziache.

Nilitoka na karatasi, si kikao. Steroidi iachwe kwa utaratibu alionipangia, kwa sababu ukiikata ghafla uso unaweza kulipuka. Skrabu na spiriti, hapana. Sabuni laini. Ngozi ikitulia, adapalini kidogo usiku, na kama haitoshi, ndipo tuzungumzie asidi ya salisiliki palepale kliniki. Na losheni ya kuzuia jua kila asubuhi, SPF 30 kwenda juu. Hapo nilicheka. Mimi? Mweusi hivi?

Hakucheka. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda, miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Ukienda Marigat unapita bango la Ikweta pale Mogotio, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Jua hilo ndilo linalolegeza ngozi kuzunguka kinyweleo na kukoleza kila doa. Baridi ya asubuhi ya huku inatudanganya tu. Ukifanyiwa asidi au sindano na kisha ukapanda boda mpaka Lanet saa saba mchana bila kitu usoni, umelipia madoa yako mwenyewe.

Kila kitu, pamoja na dawa na kumwona daktari, hakikufika shilingi 7,000. Huu ni mwezi wa tano. Vinyweleo bado vipo, ukisogea karibu utaviona. Mafuta yamepungua, na ile rangi nyekundu ya mashavuni niliyodhani ni "kung'aa" imeondoka. Pia nimeacha kujipiga selfi nikiwa nimeshika simu kwa umbali wa kiganja. Kamera ikikaribia hivyo, pua hukua yenyewe.

Ile kliniki ya vikao sita bado hunitumia ujumbe. Wa juzi ulisema zimebaki nafasi mbili tu na ofa inaisha Ijumaa. Ni Ijumaa ya kumi na nane sasa.